Milio Mitatu Njia Panda

Haya Wilf Garside, fundi rangi wa kijijini kwetu, alinisimulia mara moja tu.

Zamani huku simu ilikuwa moja, ya kibanda chekundu cha njia panda. Aliyesafiri akifika salama alikipigia, kikalia mara tatu, akakata. Hakuna aliyepokea. Watu walichungulia tu madirishani wakiulizana, "Nani kafika?"

Hazel, bintiye Wilf, aliondoka siku ya ukungu kuvuka milima. Wilf alisimama kando ya kibanda mpaka kukapambazuka. Hakikulia. Gari lake lilikutwa limeanguka bondeni.

Novemba iliyopita, alasiri, Wilf alikuwa akikipaka kibanda hicho rangi upya. Simu yenyewe iling'olewa miaka mingi iliyopita. Ndani mna rafu za vitabu tu. Bi Enid, jirani wa ng'ambo ya barabara, akamletea chai.

"Hilo taji la nakshi juu ya kibanda lipake rangi ya dhahabu vizuri, usilipue kama ulivyolipua mlango wangu!"

"Mlango wako umeuchubua mwenyewe kwa hiyo fimbo yako, Bi Enid."

Akaenda zake akicheka. Ukungu ukashuka. Wilf akaingia kupaka fremu za vioo, mlango mzito ukajifunga nyuma yake, na sauti zote za nje zikafa.

Kengele ikalia, pale ukutani palipobaki matundu ya skrubu za simu. Ikalia tena. Ikalia mara ya tatu, ikakatika.

Brashi ikamponyoka. Akatoka, akaitazama barabara ya milimani. Ukungu mtupu.

Dirisha la ng'ambo likafunguka.

"Wilf," Bi Enid akaita taratibu, "nani kafika?"