Kichupa Kilichoandikwa Kawaida

Saa saba mchana jengo la mafundi simu lilikuwa limejaa hadi kwenye ngazi. Muziki wa kibanda hiki ulipigana na muziki wa kibanda kile, na hewa yote ilinuka lehemu na jasho. Msichana mmoja aliyevaa gauni la kijani na viatu vyeupe vya hospitali alijipenyeza katikati ya watu, akafika kibanda cha tatu kutoka mlangoni, akaweka mezani simu iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Imefia wapi, dada?" fundi aliuliza bila kuinua kichwa.

"Kwenye ndoo ya barafu."

Hapo akainua kichwa. "Harusini?"

"Kazini."

"Unauza soda?"

"Nasoma vinasaba vya watu, kwenye mate yao. Maabara, kule nyuma ya hospitali. Kwani wewe kazi yako ni kutengeneza au kuhoji?"

Fundi wa kibanda cha jirani akacheka. Huyu akaifungua simu. Kwa ncha ya kibano aliokota skrubu moja moja, ndogo kuliko chembe ya sukari, akazipanga kwenye sumaku kwa mstari ulionyooka. Msichana alisahau kelele za jengo. Yeye mwenyewe alishinda kutwa akipima matone yasiyoenea hata juu ya kichwa cha pini, na alijua mkono uliotulia ukoje.

"Una mkono mzuri," alisema.

"Ndiyo yote niliyonayo. Sura, mama alinionya mapema nisiitegemee."

Simu ilipowaka, fundi aliomba namba ajaribu kama inaita. Ikaita.

"Inaita," alisema.

"Naisikia."

"Basi usije ukaibadilisha hiyo namba. Na kitufe cha pembeni ukibonyeze polepole, kimeshtuka."

Tangu siku hiyo, kila ilipofika saa saba mchana, simu ile iliita.

"Daktari wa mate, umekula?"

"Mimi si daktari, Fundi. Nimekuambia mara ngapi?"

"Mara kumi na moja. Umekula?"

Alimweleza kazi yake kidogo kidogo. Kwamba ndani ya kila chembe ya mwili kuna maandishi marefu ya herufi nne tu, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Kwamba maabara huchukua sehemu fupi ya maandishi hayo, huizidisha kwa mashine hadi ziwe nakala mamilioni, kisha huipima urefu.

"Kumbe ni kama programu ya simu," alisema Fundi.

"Kama. Ila simu ikikataa unaifuta na kuanza upya."

"Na mtu?"

"Mtu anaendelea hivyo hivyo."

Mwezi wa nne wa mapenzi yao, mkuu wa maabara, mzee wa miwani yenye kamba, alimkabidhi kipimo kipya. Kilikuwa cha ugonjwa wa ukoo. Kuna neno moja la herufi tatu katika kinasaba kimoja, ambalo watu karibu wote wanalo limerudiwa chini ya mara thelathini. Kwa wachache limerudiwa mara arobaini na zaidi, na hao, wakifika utu uzima, mwili huanza kucheza wenyewe bila ngoma, halafu akili hufuata. Dawa ya kuponya haipo. Mtoto wa mgonjwa, akizaliwa, ana nusu ya nafasi ya kuwa nalo.

Kipimo kipya lazima kwanza kijaribiwe kwa mtu mzima mwenye afya, ili wajue kinasoma sawa. Wafanyakazi wote walikuwa wameshatoa sampuli zao hadi wamechoka. Kwa hiyo Jumamosi ile Fundi alipokuja kumchukua waende kutembea, shati lake jeupe limepigwa pasi hadi mikono, alimkuta anamngoja mlangoni na kijiti cha pamba.

"Fungua mdomo."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Fungua, bwana."

Akapitisha pamba ndani ya shavu lake, huku na huku, wote wawili wakijizuia kucheka. Kisha akaitia kwenye kichupa, akaandika kwa kalamu: Kawaida 1.

"Ndiyo jina langu hilo?"

"Kwenye friza, ndiyo."

"Si ungeandika mpenzi?"

"Mkuu angeniuliza hicho ni kipimo gani."

Kila mtoa sampuli hujaza fomu, na swali la kwanza kwenye fomu ni kama kuna mtu katika ukoo wake aliyewahi kuugua. Siku ile hakumpa fomu. Alikuwa Fundi wake tu, na jua lilikuwa zuri, na walikuwa wanachelewa.

Jumanne alitazama picha ya matokeo. Mtu mwenye afya alitakiwa aonyeshe mistari miwili, yote chini. Kawaida 1 alikuwa na mmoja chini na mmoja juu. Akajilaumu kwamba amechafua sampuli. Akarudia Jumatano. Akarudia Alhamisi kwa mashine nyingine, amenawa mikono kama anayekwenda kupasua mtu. Mstari wa juu ukabaki pale pale. Akahesabu: mara arobaini na sita.

Alimpelekea mkuu karatasi.

"Huyu si wa kawaida," mkuu alisema. Kisha akamtazama usoni. "Ni yule wa simu?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Alijaza fomu?"

"Hapana."

"Kwa hiyo hakuuliza. Sisi hatumjibu mtu asiyeuliza, binti yangu. Pengine hataki kujua. Wengi hawataki, na ni haki yao."

"Na mimi nitamtazamaje?"

"Hilo halimo kwenye fomu." Mzee akavua miwani. "Ana miaka mingapi?"

"Thelathini na miwili."

"Anaweza kuwa na mitano mizuri. Labda saba. Mara nyingi huanzia vidoleni."

Vidoleni. Alitoka nje.

Kuanzia hapo alianza kuangalia mikono ya Fundi kama askari anavyoangalia geti. Fundi akimimina chai, anaangalia. Akifunga kamba za viatu, anaangalia. Jioni moja, nyumbani kwa mama yake Fundi, mshona nguo aliyekuwa kajaza chumba vitambaa hadi juu ya kabati, Fundi alisema:

"Mwisho wa mwezi mimi na mama tunakuja kwenu. Tumeshakubaliana. Halafu nataka watoto wawili. Wa kwanza achukue akili zako, wa pili achukue mikono yangu."

Kikombe kilimponyoka msichana, kikavunjika sakafuni.

"Mama, ona, ameshtuka kwa furaha," alisema Fundi akicheka. Mama hakucheka. Alikuwa amemwona mgeni wake akitazama mikono ya mwanawe, na mtazamo ule aliujua.

Simu ya saa saba ikaanza kuita bila kupokelewa. Siku moja, siku mbili, wiki nzima. Fundi akaenda kungoja nje ya geti la maabara. Jioni saa kumi na moja alimwona anatoka na mzee wa miwani, mzee amemfungulia mlango wa gari, amempa kitambaa chake afute macho, amemshika bega. Fundi akarudi alikotoka. Kesho yake alipiga mfululizo hadi ikapokelewa.

"Una mtu?"

Msichana akafunga mlango wa maabara.

"Nakuuliza, mama. Una mtu?"

Angesema hapana, swali lililofuata lingekuwa "sasa kuna nini?", na jibu lake lilikuwa moja tu.

"Ndiyo," alisema.

"Yule mzee wa miwani?"

"Ndiyo."

Alimsikia akivuta pumzi, na nyuma yake muziki wa vibanda ukipigana.

"Haya. Mwambie kitufe cha pembeni kinabonyezwa polepole."

Akakata.

Miezi saba ikapita. Fundi alikonda, akawa haongei na wateja. Siku moja mama yake aliweka mkasi chini.

"Hebu niambie, mwanangu. Yule binti alibadilika lini?"

"Mama, ana bwana mzee. Tuyaache."

"Nimeuliza lini."

"Sijui. Wiki moja baada ya kunichukua mate."

"Kukuchukua nini?"

"Mate. Ya kujaribia kipimo chao. Ilikuwa mzaha tu."

Mama akakaa juu ya rundo la vitambaa.

"Baba yako hakuanguka ngazini kwa pombe," alisema.

"Mtaa mzima unasema alikuwa mlevi."

"Hakuwahi kuonja. Alianza kuangusha vitu. Halafu mabega, halafu shingo, halafu akawa hanijui. Na baba yake hivyo hivyo. Watu wakasema ulevi, nikawaacha waseme, kwa sababu ulevi haurithiwi."

"Ulijua, mama?"

"Nilidhani nikinyamaza gonjwa hilo halitakuona."

Asubuhi iliyofuata, kwenye dirisha la kupokelea sampuli, foleni ilikuwa ndefu. Ilikuwa zamu ya msichana. Aliandika bila kuinua kichwa.

"Jina la mgonjwa?"

"Kawaida 1."

Kalamu ikasimama. Fundi alikuwa mbele yake, shati lile lile jeupe likimpwaya, fomu mkononi imejazwa kila mstari. Swali la kwanza: baba, babu. Swali la mwisho, kama anataka kuambiwa majibu: ndiyo.

"Ukishaambiwa hayarudishiki," msichana alisema kwa sauti ndogo.

"Nimeshaambiwa. Miezi saba ya kimya chako, yalikuwa majibu gani hayo?"

"Fundi..."

"Ulinisoma kabla mimi sijajisoma! Halafu ukanisingizia mzee wa watu, mwenye wajukuu!"

Mwanamke aliyekuwa nyuma kwenye foleni akasema, "Jamani, wengine tuna wagonjwa." Msichana akacheka, na kicheko kikageuka kilio hapo hapo dirishani, hadi mkuu akaja akawachukua wote wawili ofisini kwake. Fundi alichukuliwa damu upya, kwa utaratibu. Baada ya wiki mbili aliitwa, akaketishwa, akaelezwa. Alisikiliza, mikono yake ikiwa juu ya magoti, imetulia tuli.

"Ni ngapi?" aliuliza.

"Arobaini na sita," alisema mkuu.

"Na huyu alipata ngapi?"

"Arobaini na sita."

"Angalau anajua kazi," alisema Fundi.

Walipobaki wawili uani, penye mapipa ya taka za maabara, alimwambia, "Sikuja kukuoa. Nimekuja kukuachilia, ili nikuache vizuri, si kwa uongo. Wewe bado kijana. Nenda."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Miezi saba hii nimekuwa mjane wako na wewe hujafa. Nataka kwanza niwe mke. Hata kidogo."

"Nitakupiga mateke usingizini. Nitakusahau jina."

"Hulijui hata sasa. Unaniita daktari."

Walioana Ijumaa asubuhi, yeye amevaa gauni lile la kijani, mama mkwe amelishonea mikono mipya. Waliamua wasizae watoto. Uamuzi huo waliufanya mara moja, mezani, kwa sauti za chini, na wasiurudie tena. Lakini kila alipopitishwa mtoto mchanga kwenye ngazi za jengo, mmoja wao aliangalia pembeni, kwa zamu.

Miaka minne na miezi miwili walikuwa kama watu wengine. Kisha mchana mmoja, saa saba, simu iliita.

"Daktari wa mate."

"Nimekula, nimekula."

"Imeniponyoka skrubu."

Akakaa chini kwenye sakafu ya maabara, palepale alipokuwa.

"Skrubu huponyoka, Fundi."

"Mara tatu, mama. Skrubu ile ile."

"Nakuja."

"Ngoja nimalize hii simu kwanza. Mteja amesimama."

Ilikuwa kazi ya dakika ishirini. Alimaliza jua linazama, na mteja, aliyekuwa amekuja na hasira, aliipokea kwa mikono miwili.

Kilichofuata kilichukua miaka minane. Vifungo vya shati vilikuwa vya kwanza kumshinda, kisha kijiko. Yule mtu wa mizaha akawa na hasira za ghafla, akawa anarusha vikombe, halafu anavitazama vipande kama vya nyumba ya watu wengine. Mama yake alimlisha uji kwa mkono ule ule aliomlisha nao mumewe, akijua tayari kitambaa kiwekwe wapi na kichwa kishikwe vipi. Mwaka wa saba Fundi aliacha kumwita mkewe daktari, akaacha kumwita chochote. Saa saba mchana mkewe ndiye aliyepiga simu nyumbani, mama mkwe akaiweka sikioni mwa mgonjwa, na mkewe akauliza, "Umekula?" akingoja, akisikiliza pumzi. Fundi alikufa Jumatano, wakati simu ile iko sikioni. Mkewe alisikia pumzi ikikoma, akadhani mtandao umekatika.

Kila baada ya miaka kumi na mitano maabara husafisha friza kubwa. Kila kichupa hutolewa, husomwa, huandikwa kwenye daftari, na kisichokuwa na sababu ya kubaki hutupwa. Mwaka ule ilikuwa mara ya mwisho kwa mkuu kabla ya kustaafu. Yeye na mjane wa Fundi walifanya kazi bega kwa bega, glavu zikiwa zimeganda, hadi mzee alipotoa kichupa kimoja kutoka chini kabisa, akakifuta theluji kwa kidole gumba. Wino ulikuwa umefifia, lakini maandishi yalisomeka. Akampa.

Alikishika hadi baridi ikapita kwenye glavu na kuuma. Mle ndani mlikuwa na Fundi wa miaka thelathini na miwili aliyefungua mdomo akijizuia kucheka, na mlikuwa na neno lililomuua, vyote katika tone moja.

Safu ya mwisho ya daftari huuliza sababu ya kuhifadhi. Wengine wote wameandika utafiti, au kesi, au mafunzo. Yeye aliandika: mume wangu.

Mkuu alivaa miwani, akausoma mstari ule, akatia sahihi.