Sauti Ndani ya Mashine ya Picha

"Sawa dada, sitamwambia mtu," kijana alijibu kutoka ndani ya mashine, na dada yake akashtuka, maana hakuwa amesema kitu. Hata kitufe cha kipaza sauti hakukigusa.

Dada huyu alikuwa mpiga picha za ubongo hospitalini, mkali kama pilipili, na leo alikuja kazini amefura. Nyumbani kuliwaka moto tangu asubuhi. Mjomba, mtu mzima na ndevu zake, eti kitindamimba wao ana jini, afungwe kamba mpaka limtoke. "Kamfunge mwanao!" dada alimfokea, akamshika mdogo wake mkono na kumleta kwa daktari anayechunguza vijana walioanza kusikia minong'ono. Dunia nzima, kijana yule alimwamini mtu mmoja tu, naye ni dada yake.

"Hajaugua, ila yuko hatarini," daktari alikuwa amemweleza. "Tunaangalia sehemu za ubongo wake zinavyoungana na kuwasiliana. Tukiwahi, tunaweza kumsaidia."

Dada, aliyeketi na daktari nyuma ya kioo, akabonyeza kitufe. "Mdogo wangu, unaongea na nani?"

"Si wewe? Umesema tutaondoka wote, nisimwambie mtu."

"Mimi? Nimekwambia saa ngapi?" Akamgeukia daktari, akanong'ona, "Umesikia hayo?"

"Nimemsikia yeye tu," daktari alisema kwa sauti ndogo, lakini hakumtazama usoni.

Chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua. Mashine iligonga, ikanguruma, ikanyamaza, na katika ukimya ule ikatoka kwenye spika sauti yake dada mwenyewe, ile aliyombembelezea mdogo wake tangu akiwa mchanga, inamwambia polepole kwamba dawa zao asimeze, kwamba mama si mama tena, kwamba yule mwanamke aliye nyuma ya kioo amevaa tu sura ya dada yake, na huku inabembeleza, picha zikawa zinavurugika moja baada ya nyingine kana kwamba ndani ya bomba jembamba la mashine wamelala watu wawili, na mmoja wao hatulii.

Loh! Hasira haikumpa hata nafasi ya kuogopa. Alikipiga kitufe kwa ngumi.

"Toka! Mwizi wa sauti, mlaaniwa mkubwa we! Mimi ndiye niliyembeba mgongoni, si wewe! Umekosa pa kukaa mpaka umwingilie mtoto wa watu? Toka!"

Sauti ikazimika. Harufu ikakatika palepale. Picha zilizofuata zikaja safi, na daktari, jasho likimtiririka, akaivuta meza ya mashine nje.

"Limeondoka," dada alisema, akicheka na kulia kwa pamoja. Mwone mjomba sasa na kamba zake! Akaingia mbio, mikono ameitanua. "Basi, mdogo wangu, yamekwisha. Njoo twende nyumbani."

Kijana alishuka, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani. Akamtazama dada juu mpaka chini, kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

"Nimekusikia ukimfukuza," akanong'ona. "Dada yangu umempeleka wapi?"