Njaa ya Kifuani

Stendi ya Singida ilikuwa imefurika watu siku ile Theodora alipojibanza nyuma ya basi la Ihanja ili ale kashata. Alivaa gauni la maua ya manjano lililofunika magoti vizuri, nywele kazisuka kwa uzi, raba zake nyeupe zimepakwa chaki mpaka zinang'aa. Ungemwona ungesema huyu ni binti wa ofisini asiye na shida duniani. Lakini alitafuna kama mtu anayefukuzwa.

"Dada, hizo kashata unakula au unaficha ushahidi?"

Aligeuka. Kijana mrefu wa shati la kaki alikuwa amekumbatia debe, anatabasamu. Alinukia moshi na nta.

"Kwani wewe ni polisi?"

"Mimi ni Alute, bwana nyuki wa Itigi. Nawakamata nyuki tu."

Theodora alicheka mpaka kashata ikampalia, na Alute akalazimika kutua debe ampigepige mgongoni. Hivyo ndivyo walivyojuana, mwaka wa sabini na nne.

Theodora alikuwa opereta wa simu. Kutwa alikaa mbele ya ubao akichomeka waya huu na kuchomoa ule. Mwaka huo watu walikuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, na simu hazikupoa. Alisikia habari za kila pembe ya mkoa isipokuwa kijiji kipya cha upande wa Mtinko alikohamishiwa mama yake, kwa kuwa huko hakukuwa na simu. Kila alipomkumbuka, mkono ulikwenda wenyewe kwenye droo, penye maandazi na karanga za sukari.

Na vitu hivyo hakutakiwa kuvigusa. Miezi mitatu nyuma alipimwa hospitali akakutwa na kisukari. Akapewa masharti: ugali wa uwele usiokobolewa, mlenda, maharage, mboga za majani, tunda kwa kiasi. Sukari, asali na unga mweupe, marufuku. Nyumbani aliyashika masharti barabara. Ofisini yalimshinda. Na hakumwambia mtu. Nani angeoa mgonjwa wa sukari?

Siku mbili baada ya kuonana stendi, kengele ya Itigi ililia kwenye ubao.

"Singida hapa. Nikuunganishe na nani?"

"Na opereta."

"Opereta ndiye anayeongea."

"Basi nimeshafika. Usiniunganishe kwingine, asali yangu."

Sauti ya Alute ilitoka mbali, ikivuma kidogo kwenye waya. Theodora alifumba macho, ofisi ikayeyuka. Akajiona anatembea naye msituni Mitundu, miyombo imechipua majani mekundu, upepo unapita juu kwa juu, hakuna anayemwita. Tangu hapo Alute akawa anapiga kila asubuhi, na kila asubuhi Theodora alitembea msitu ule bila kuinuka kwenye kiti.

Mwezi wa pili wa mapenzi yao, Alute alimfuata ofisini Singida na chupa kubwa ya asali.

"Nimeipandia mti mrefu kuliko yote Mitundu. Nimeumwa mara kumi na moja. Onja."

"Nitaonja baadaye."

"Onja nikuone, mpenzi."

"Alute, usinilazimishe!"

Aliiacha chupa mezani, akaenda mjini kwenye shughuli zake. Aliporudi ofisini kuaga, alimkuta Felista, mwenzake Theodora wa zamu, akimimina asali ile kwenye chai.

"Kanipa Theodora," Felista alisema bila hila. "Hana haja nayo."

Alute alimtazama Theodora. "Ungesema tu kwamba hunitaki. Nisingeumwa bure."

Siku tisa Itigi ililia kwa ajili ya watu wengine. Siku hizo tisa Theodora alikula. Alikula asubuhi, alikula mchana, alikula akiwa ameshiba. Siku ya kumi namba za ubao zilianza kuogelea machoni pake. Akaogopa, akaenda hospitali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula nini?" aliuliza Redempta, muuguzi mtu mzima.

Theodora alisema yote huku akilia. Redempta hakufoka. "Ulipoyala hayo maandazi, njaa ilikuwa wapi? Tumboni?"

Theodora alifikiri, kisha akaweka mkono kifuani. "Hapa."

"Basi hiyo haishibi maandazi. Ikija tena, jiulize iko wapi. Ikiwa tumboni, kula uwele wako. Ikiwa hapo, sema na mtu. Macho haya ukiyapoteza hayarudi."

Kesho yake wakubwa wawili waliosubiri kuunganishwa simu walimfokea kwa mpigo, na mkono ukaenda kwenye droo. Aliusimamisha. Iko wapi? Kifuani. Akachomeka waya wa Itigi.

"Ofisi ya nyuki," ilijibu sauti aliyoikosa.

"Alute, mimi nina kisukari. Asali ile ingeniua. Niliogopa kukwambia, ungeniacha."

Waya ukavuma peke yake.

"Alute?"

"Nipo."

"Umekasirika?"

"Nimejikasirikia. Nakuita asali yangu, kumbe asali ni sumu kwako. Sasa nikuite nani?"

"Niite Theodora."

"Theodora," alisema polepole, kana kwamba ndiyo kwanza analisikia jina hilo. "Nakuja Jumamosi."

Jumamosi walikaa juu ya mawe kando ya Ziwa Singidani, na Theodora akamsimulia yote: ya mama, ya droo na ya njaa ya kifuani. Heroe walisimama majini kwa mamia, na maji yakachukua wekundu wao mpaka mtu asijue ndege wanaishia wapi.

"Jana nilikula maandazi mawili," Theodora alisema.

"Wasiwasi wa mama?"

"Hapana. Nilijua unakuja leo."

Alute aliokota kijiwe, akakigeuza mkononi. "Basi nikuoe, nisiwe mtu wa kusubiriwa."

"Utaweza uwele na mlenda kila siku?"

"Mimi mtoto wa Ihanja. Unadhani nilikuzwa kwa mkate?"

"Na asali yako?"

"Asali ni ya ushirika, itaishia huko huko."

"Na ile njaa ikinishika?"

"Utaniita. Hata nikiwa juu ya mti nitashuka."

Theodora aliweka mkono kifuani. Kilikuwa chepesi. "Kamwombe mama."

"Lini?"

"Basi la Mtinko linaondoka saa nane."

Alute alitupia jicho jua, akamshika mkono, na wote wawili wakaanza kukimbia kuelekea mjini.