Ganda la Mguu wa Okidi

Haya yalimpata rafiki yangu Wamalwa, Mkenya anayetengeneza miguu ya bandia huko Mbuya. Alikuwa amezungushia kitambaa cha kaboni na gundi juu ya plasta yenye umbo la paja la Okidi, askari aliyekatwa mguu juu ya goti. Gundi ilipokauka, akaanza kuivunja plasta kwa patasi ili libaki ganda tupu. Ghafla mvua ikashuka, umeme ukapotea, karakana ikawa giza. Kitu kikagonga ndani ya ganda: ko, ko.

“Concy, ni wewe?”

“Mimi niko huku mlangoni,” msaidizi wake akajibu. “Si ni wewe unagonga?”

Patasi alikwisha kuiweka chini. Akijipa moyo kuwa ni plasta iliyolegea, Wamalwa akaingiza mkono. Vidole vya mguu, vyenye joto, vikajikunja polepole, vikaushika mkono wake.