Njoo Jumamosi

Soko la Nyasubi siku ya Jumamosi halina adabu. Mwenye mkokoteni anakusukuma, mwenye karanga anakuvuta shati, na bodaboda anakupigia honi kana kwamba barabara aliachiwa urithi na babu yake. Asubuhi hiyo mmoja wao alimpitia mwanaume aliyebeba sanduku la bati begani. Sanduku likaenda chini, komeo likafyatuka, na kanda za muziki zikamwagika juu ya mafungu ya nyanya.

Noela alikuwa mlangoni pa kibanda chake, anachana nywele. Hapo ndipo alipokuwa akiwaingizia watu nyimbo kwenye simu na memori kadi, na nyuma ya kompyuta yake ilikuwapo deki ya kanda aliyorithi kwa mjomba wake, ambayo Kahama nzima ilikuwa imebaki yenyewe tu. Alipoziona kanda zile ziko karibu kukanyagwa, aliliacha chanuo kichwani, akakunja gauni lake la kitenge cha njano, akakimbia.

"Pole, kaka. Shika hizi. Hiyo usiivute, utaitoa utumbo wote."

"Wabeja, dada," mwanaume akashukuru kwa Kisukuma, huku akiokota. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi ikakubali, lakini buti zake zilijaa vumbi la mawe, lile la kwenye makarasha, mashine zinazosaga mawe ya dhahabu. Noela akajua huyu anatoka machimboni, ila leo amejitahidi.

"Igembe Jazz," Noela akasoma kwenye kava. "Hawa bado wana mashabiki?"

"Mpiga tarumbeta ni baba yangu."

"Sasa baba yako anatafuta nini kwenye nyanya za watu?"

Mwanaume alimtazama mdomo, kisha akacheka. Alicheka kwa kuchelewa kidogo, na Noela akakipenda kicheko kile kwa sababu hakikuwa na haraka.

Jina lake Magesa. Kazi yake ilikuwa Kakola, kwenye karasha, jirani na mgodi wa Bulyanhulu. Baba yake, marehemu Mzee Sostenes, aliiongoza Igembe Jazz kwa zaidi ya miaka thelathini, tangu ikiwa bendi ya vibarua wa kiwanda cha pamba Shinyanga, wapulizaji peke yao wanajaza benchi mbili, hadi wakabaki wawili tu, yeye na mpiga gitaa mmoja, wanapiga kwenye harusi za vijijini. Kila alichopata kurekodi kilikuwa ndani ya sanduku lile. Magesa alitaka vyote viingie kwenye flashi moja, kwa mpangilio, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho.

"Lini zitakuwa tayari?"

"Njoo Jumamosi," Noela akasema.

Mafundi wa nchi hii wana dawa moja kwa wateja wote. Awe fundi cherehani, awe wa viatu, awe wa redio, ukimuuliza lini atakwambia njoo Jumamosi, na Jumamosi ukifika atakuuliza kwani hukuambiwa Jumamosi ijayo. Wateja wanajua, na bado wanakuja. Noela naye alikuwa fundi, ila siku ile ya kwanza alimaanisha.

Jumamosi iliyofuata Magesa alikuja na mahindi ya kuchoma. Wakakaa ndani ya kibanda, bega kwa bega, wakisikiliza. Katika kanda moja ya zamani tarumbeta lilipiga kipande kifupi, likanyamaza, na katika ule ukimya mluzi wa mtoto ukajibu. Tarumbeta likauliza tena, mluzi ukajibu tena.

"Nani huyo?"

"Mimi. Mzee alikuwa anarekodi nyumbani, anauliza kwa tarumbeta, mimi namjibu. Nikikosea ananifinya sikio."

"Hebu nijibu na mimi."

Magesa akakunja midomo, akaupiga mluzi uleule, safi kabisa. Noela akaona aibu kama msichana wa shule, akajifanya anatafuta waya chini ya meza.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Haukupita mwezi na soko zima likajua. Magesa alikuwa na Noela kila Jumamosi, na siku nyingine simu ndiyo iliyowaweka pamoja.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Ugali na dagaa. Nikashushia na kukukumbuka."

"Kumbukumbu haishibishi, mpenzi."

"Ndiyo maana Jumamosi nakuja kula hukohuko."

Kazi ya kanda ikawa inasonga, lakini polepole mno. Noela angeweza kulimaliza sanduku zima kwa wiki mbili. Lakini alikwisha kuolewa na kuachwa, alijua wanaume wanavyokuja na wanavyoondoka, na akajiambia kwamba mtu mwenye kanda dukani lazima arudi. Kwa hiyo kila wiki alimpa mbili, mara nyingine moja tu. Magesa aliuliza, "Haziwezi kwenda haraka kidogo?" naye akamjibu kwa kubembeleza, "Haraka haraka haina baraka, ngosha, mwanaume wangu."

"Ngoja ngoja nayo huumiza matumbo," Magesa akasema. Alitabasamu alipokuwa akisema hivyo, kwa hiyo Noela naye akatabasamu.

Mwezi wa sita ikabaki kanda moja. Ilikuwa ya mwisho aliyorekodi Mzee Sostenes kabla hajafa, na Magesa hakuwahi kuisikia. Siku iliporekodiwa alikuwa chini ya ardhi anachimba, na siku mzee anazikwa alikuwa njiani. Utepe wake ulikuwa umekatika. Noela akaufungua, akauunga kwa rangi yake ya kucha, akaupulizia mpaka ukakauka, akaihamisha yote kwenye kompyuta kabla ya saa sita mchana. Aliisikiliza peke yake, akalia.

Magesa alipofika akamwambia, "Hii ina kazi kubwa. Njoo Jumamosi."

Akamwambia hivyo wiki hiyo, na iliyofuata, na nyingine tena. Alikuwa anangoja Magesa aseme neno la kwenda kwao kujitambulisha, ndipo amkabidhi kanda ya baba yake iwe zawadi. Huo ndio ulikuwa mpango wake, na aliuona ni mzuri sana.

Ila Magesa alianza kubadilika. Simu akawa hapokei. Akipokea, anasema, "Mtandao, mama. Nitumie meseji." Noela akimsimulia jambo la kuchekesha dukani, anacheka pasipochekesha. Akikaa, lazima akae upande uleule wa kushoto kwake, na akihamishwa anakosa raha. Noela alimpelekea Dorah, jirani yake anayekaanga chipsi, mashitaka yote.

"Mtandao?" Dorah akasema, anageuza viazi. "Kakola mtandao unashika mpaka ndani ya shimo. Shoga yangu, mwanaume anayeikimbia sauti yako ana sauti nyingine pembeni."

"Anakuja kila Jumamosi, Dorah."

"Anakuja kwa ajili yako au kwa ajili ya kanda?"

Swali hilo lilimchoma Noela mahali palipokuwa pameuma tangu zamani. Jumamosi iliyofuata alimngojea amevaa gauni jeusi, uso umekazwa.

Magesa aliingia amekonda. Hata salamu hakumaliza. "Noela, ile kanda. Hata kama haijawa nzuri, niwekee hivyohivyo. Leo."

"Mimi hujaniuliza nimeamkaje."

"Niwekee dakika moja tu."

"Jana nimekupigia mara ngapi, Magesa? Ni nani huyo hataki upokee?"

Magesa alimtazama mdomo kwa nguvu, paji la uso limejikunja. "Sema taratibu."

"Nisiseme kwa nguvu, watu watasikia? Waache wasikie. Una haraka gani na hiyo kanda? Baba yako amekufa, haendi popote. Njoo Jumamosi."

Sijui ni kiasi gani cha maneno hayo kilichomfikia. Cha mwisho kilimfikia, maana alikwisha kukijua kwa umbo la midomo. Akainamisha kichwa, akaitazama ile deki kwa muda, akatoka. Noela akangoja ageuke amwombe radhi. Hakugeuka, na yeye hakumwita.

Jumamosi iliyofuata Magesa hakuja. Iliyofuata pia. Noela alituma meseji ya hasira, halafu ya mzaha, halafu ya kuomba, na zote hazikujibiwa. Alipochoka kujidanganya, alilivaa tena lile gauni la njano, akatia flashi kwenye mkoba na spika ndogo, akapanda gari la Kakola.

Kwenye makarasha kelele ni za kukatisha tamaa. Mapipa ya chuma yanazunguka na mawe ndani yake mchana kutwa, na watu wanaongea kwa mikono. Alimwona Magesa amempa mgongo, anafunga nguo kwenye mfuko. Noela akangoja mpaka mashine zikazimwa kwa chakula cha mchana, pakawa kimya kabisa, ndipo akamwita.

"Magesa."

Hakugeuka.

"Magesa, nimekuja. Nipe basi hata uso."

Mfanyakazi mwenzake, Eustace, akaja taratibu akifuta mikono. "Shikamoo, dada. Hakusikii."

"Ananisikia. Amenuna."

"Hasikii kitu, dada. Mwaka jana baruti ililipuka naye yuko karibu na shimo, tangu hapo masikio yakawa yanakufa kidogo kidogo. Daktari wa Mwanza alimwambia hayana dawa, yatakwisha tu. Wiki iliyopita aliamka yamekwisha." Eustace akamwangalia vizuri. "Wewe si ndiye wa kanda? Kwani hakukwambia? Alikuwa anasema anataka zile nyimbo ziishe kabla masikio hayajaisha."

Noela akakaa kwenye kiroba cha mawe. Zile Jumamosi zote zikamrudia, moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuja na sauti ya Noela mwenyewe, tamu, inabembeleza.

Magesa alipogeuka na kumwona hakushangaa sana. Akaja, akachuchumaa mbele yake, akamfuta machozi kwa mkono wenye vumbi, akamwachia mstari mweupe shavuni. Aliongea kwa sauti kubwa kupita kiasi, asijue. "Njano inakupendeza. Siku ile ya nyanya ulikuwa nayo."

Noela akatoa simu, akaandika, akampa asome: *Kwa nini hukuniambia?*

"Nani anampenda kiziwi? Nikasema nikae nawe hizi siku zilizobaki kama mtu asiye na kasoro. Mwanamke mwingine sina. Niliijua hasira yako ya siku ile, ila nilikosa pa kuanzia."

Wakashikana hapohapo, kwenye vumbi, na Eustace akawatimua wenzake waliokuwa wanatazama. Kisha Noela akaiweka ile flashi kwenye spika. Akaandika: *Kanda ya mwisho. Baba yako anapiga peke yake. Anapiga kipande, halafu ananyamaza. Amekuachia nafasi. Mwishoni anasema, hapo Magesa akija atajibu.*

Magesa aliyasoma maneno hayo mara mbili. "Nionyeshe ni wapi."

Tarumbeta la mzee likatoka kwenye spika, linatetemeka, kuku wanasikika nyuma yake. Likauliza, likanyamaza. Noela akainua mkono. Magesa akakunja midomo, akapiga mluzi. Ulitoka umepinda. Haukuwa mluzi ule wa kibandani, ulipanda pasipotakiwa na kushuka kusikojulikana, na mmoja wa vijana wa karasha akaangalia pembeni. Tarumbeta likauliza tena, Noela akainua mkono tena, Magesa akajibu tena, macho ameyafumba, mpaka kanda ikafika mwisho.

"Nimepatia?"

Noela akatikisa kichwa kukubali.

Magesa akatabasamu. Kisha akaiangalia ile flashi, akaigeuza geuza, na lile tabasamu likaanza kuondoka polepole. "Ilikuwa tayari lini?"

Hapo Noela angeweza kudanganya. Angeandika *jana*, na pengine leo wangekuwa na nyumba na watoto. Lakini alikwisha kumdanganya vya kutosha kwa mdomo, akaona mkono usifuate. Akaandika: *Tangu mwezi wa sita. Nilitaka uendelee kuja.*

Magesa alisoma. Alikaa na simu ile mkononi mpaka kioo chake kikazimika. Hakumtukana, wala hakunyanyuka kwa hasira, na Noela aliomba moyoni angalau amtukane.

"Mwezi wa sita nilikuwa nasikia," akasema mwishowe. Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

Akaitia flashi mfuko wa shati, akauchukua mfuko wake wa nguo. Alikuwa anakwenda Ushetu kwa mama yake, kulima tumbaku. Karasha halimtaki mtu asiyesikia akiambiwa kaa mbali. Noela akamfuata mpaka barabarani, akamshika mkono, na Magesa hakuuondoa. Gari lilipotokea akaandika haraka haraka, vidole vinakosea: *Naomba nije Ushetu. Nikae nawe. Nitakuwa masikio yako.*

Magesa akasoma, akamtazama, akamrudishia simu. Alikuwa anampenda, hilo lilionekana wazi, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Njoo Jumamosi," akasema, akapanda.

Noela alibaki barabarani na gauni lake la njano. Alijua maana yake, maana maneno yalikuwa yake mwenyewe.

Jumamosi ilipofika alimwachia Dorah funguo za kibanda, akaenda kutafuta gari la Ushetu.