Kiganja Aulizwe Mwenyewe

Karakana yetu ni chumba kimoja chenye madirisha mawili. Karibu na mlango nimekaa mimi, fundi wa nguo. Upande wa ndani amekaa mwenzangu, fundi wa kutengeneza cherehani. Mimi naongea kutwa nzima. Yeye ni kiziwi tangu utotoni, hasikii hata neno langu moja. Nadhani ndiyo maana tumepatana miaka yote hii.

Watu wanamwita Kiganja. Mafundi wengine wakiletewa cherehani mbovu, hutega sikio. Yeye huweka kiganja juu ya mashine. Mteja anakanyaga pedali, Kiganja anafumba macho, anatulia. Halafu anafungua macho na kugonga kwa kidole mahali penye ubovu. Ni hapo hapo! Nimeona mafundi wenye masikio mazima wakifungua mashine yote, wakaifunga, skrubu mbili zimebaki mezani. Kiganja hana mambo hayo.

Na mikono hiyo hiyo ndiyo mdomo wake. Lugha yake ni lugha ya alama. Akikutana na viziwi wenzake, mikono inakwenda mbio, wanacheka mpaka machozi, nami nabaki nimetoa macho. Alama ninazozijua mimi ni za kuombea uzi na kuwasengenya wateja. Zaidi ya hapo, sifui dafu.

Siku moja mteja alileta cherehani ya kiwandani, ile yenye kichwa kizito cha chuma. Kikamponyoka. Kikaangukia mkono wa kulia wa Kiganja. Mfupa ukavunjika.

Mume wake alikuwa safari ya kikazi. Aliyempeleka hospitali ni wifi yake, dada wa huyo mume. Nami nikafunga karakana nikawafuata.

Huyu wifi nimweleze vizuri. Anampenda Kiganja kupita kiasi. Kutwa anamsifu mitaani: "Wifi yangu mimi? Yule ni chuma! Alizaa bila hata kuguna." Wameishi nyumba moja miaka mingi, wakajitungia alama zao za jikoni. Chumvi, maji, kodi, mgeni, njoo ule, nenda ukalale. Nyumbani zinawatosha kabisa.

Lakini hospitali si jikoni.

Pale mapokezi Kiganja aliomba kalamu. Akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikienda upande: "Mimi ni kiziwi. Naomba mkalimani wa lugha ya alama."

Karani akasoma, akamwangalia wifi. "Huyu umekuja naye wewe?"

"Ndiyo, ni wifi yangu."

"Mnaelewana?"

"Haa! Sisi? Tunaelewana sana."

"Basi wewe ndiye mkalimani. Pitieni."

Kiganja akagonga tena kile kikaratasi kwa kidole. Karani alikwisha kuita mtu mwingine.

Daktari alipiga picha ya mfupa, akamfunga plasta ngumu tangu kwenye vidole hadi juu ya kiwiko. Alipomaliza akamwambia wifi, "Vidole vikifa ganzi, au vikibadilika rangi, mrudishe mara moja. Msingoje."

Wifi akaitikia. Akamgeukia Kiganja, akalaza shavu juu ya kiganja chake. Nenda ukalale. Ndiyo alama aliyokuwa nayo.

Kesho yake Kiganja hakuweza kuketi. Mkono ulimuuma kama unawaka moto ndani ya plasta. Wakarudi hospitali. Daktari alikuwa na foleni hadi nje ya mlango. Akamuuliza wifi, siyo Kiganja: "Vidole anavihisi?"

Wifi akamwangalia Kiganja usoni. Hakuona chozi. Akajibu kwa fahari, "Anavihisi, daktari. Huyu hana wasiwasi. Ni mvumilivu sana huyu."

"Vizuri. Dawa za maumivu hizi hapa."

Kiganja akanyoosha mkono wa kushoto kutafuta kalamu mezani. Mgonjwa anayefuata alikuwa tayari amekaa kwenye kiti. Hapo hapo sifa zikageuka sumu, jamani, na aliyezitoa hakujua.

Siku iliyofuata Kiganja aliingia karakana asubuhi, macho mekundu. Akanionyesha vidole vilivyotokeza kwenye plasta. Vilikuwa vimevimba, vimekuwa na rangi ya bluu. Akachukua sindano kwenye meza yangu, akanishika mkono kwa ule wake mzima, akanivuta nje. Safari hii hakumngoja mtu.

Pale hospitali hakupita mapokezi. Alikwenda moja kwa moja kwa muuguzi aliyekuwa koridoni. Akasimama mbele yake, akainua vidole vile, akakichoma sindano kidole kidogo. Hakushtuka. Akachoma cha pete. Hakupepesa jicho. Halafu akamtazama muuguzi na kungoja.

Muuguzi alielewa bila mkalimani. "Daktari! Njoo, daktari!" Plasta ikakatwa palepale. Mtu aliyewaza hivyo huku mkono unawaka kwa maumivu, mimi namvulia kofia. Mimi ningekuwa nimekaa chini nalia.

Mkono uliokolewa. Kidole gumba na viwili vinavyofuata vilirudi. Cha pete na kidogo viligoma. Havikujikunja, wala havikuhisi kitu.

Fikiria maana yake. Kwa vidole hivyo alikuwa akikaza skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Kwa vidole hivyo alikuwa akisema "nakupenda" kwa mumewe. Aliketi kwenye kona yake, mikono mapajani, kimya cha kweli. Nilizoea kimya chake cha masikio. Hicho kingine sikukiweza.

Mume aliporudi alimbembeleza, akamtafutia mafuta ya kuchua, akakosa la kufanya. "Ndiyo imeshatokea," aliniambia. "Tutamshtaki nani? Sisi ni watu wadogo."

Wiki hiyo hiyo aliingia mteja kuchukua cherehani yake. Ni mama mmoja anayefanya kazi kwenye ofisi ya msaada wa sheria, pale wanaposaidia watu bila malipo. Mimi mdomo wangu hauna breki, nikamweleza yote. Akavuta kiti.

"Aliomba mkalimani?" akauliza.

"Kwa maandishi! Nilikuwepo."

"Wakamjibu nini?"

"Wakasema wifi anatosha."

Yule mama akatikisa kichwa. Lakini hakuendelea kuongea na mimi. Alisema, "Mwenye shauri ni yeye. Nitarudi na mkalimani, nimsikie mwenyewe."

Akarudi kweli, na mtu wa makamo aliyevaa shati jeusi ili mikono yake ionekane vizuri. Kiganja alipoona mikono ile inasema lugha yake, alianza polepole, na vidole viwili vikining'inia. Kisha ikawa mvua. Alieleza kila kitu. Mkalimani alisema kwa sauti, "Niliomba mara mbili. Mle chumbani walizungumza juu ya mkono wangu, na mkono wangu ulikuwa pale, na mimi nilikuwa pale. Hakuna aliyeniuliza."

Yule mama msaidizi wa sheria alimtazama Kiganja, siyo mkalimani, akasema, "Sheria yetu inampa mgonjwa kiziwi haki ya mkalimani. Hospitali ndiyo inayomtafuta na kumlipa. Mgonjwa halipi. Ndugu hawezi kusukumiwa kazi hiyo, labda mgonjwa mwenyewe amtake."

"Lakini ndugu si ndiye anayemjua?" akauliza mumewe, aliyekuwa ameketi kando yake.

"Anamjua, shemeji. Ila kumjua mtu si kuijua lugha yake. Tena ndugu ana huruma, ana haya, ana fahari. Anapunguza, anaongeza. Mkalimani aliyesomea hajibu kwa niaba ya mtu. Anapeleka maneno yalivyo, na siri ya mgonjwa anaitunza."

"Sasa tufanye nini?"

"Kwanza tupeleke malalamiko kwenye uongozi wa hospitali. Wasipotusikiliza, tuende baraza la malalamiko. Tuseme siku gani, nani alisema nini, nani aliona. Tunaweza kudai fidia kwa madhara ya mkono, kwa kazi iliyosimama, na kwa kudharauliwa."

Kiganja akauliza kitu. Mkalimani akatabasamu. "Anasema, je, tunaweza kudai pia mkalimani awepo pale? Maana kuna viziwi wengine, nao wana mikono."

Niliona aibu kidogo. Mimi nilikuwa nawaza fidia tu.

Hospitali ilijibu kwamba mgonjwa alikuwa na mkalimani, naye ni wifi yake. Shauri likaenda barazani. Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Kila kitu kilimwangukia wifi. Yeye ndiye angeweza kusema kama kweli alimtafsiria.

Wifi akagoma. Alilia jikoni kwao, amejifunika khanga. "Nikasimame mbele za watu niseme sijui kuongea na wifi yangu? Niliyejisifu mtaa mzima? Watasema mimi ndiye niliyemponza!"

Kiganja akaketi karibu naye. Akamfuta machozi kwa mkono wa kushoto. Halafu akatumia alama zao za jikoni, maana ndizo wifi anazozielewa. Alionyesha sufuria, akajionyesha yeye, akamwonyesha wifi, akaiunganisha mikono yake miwili. Tunapika pamoja. Hakuonyesha hasira yoyote. Wifi alilia zaidi, lakini asubuhi ya baraza alivaa nguo zake nzuri.

Chumba cha baraza kilikuwa na meza ndefu na feni iliyokuwa ikipiga kelele. Mkalimani alisimama mahali ambapo Kiganja angemwona. Wakili wa hospitali alikuwa mpole sana, wale wapole wa hatari.

"Mama," akamwambia wifi, "mmeishi na huyu wifi yako miaka mingi?"

"Ndiyo."

"Na mapokezi ulisema mnaelewana sana?"

"Nilisema."

Wakili akaketi, ameridhika. Msaidizi wa sheria akainuka.

"Mama, naomba kitu kimoja tu. Mgeukie wifi yako. Mwambie kwa alama yale aliyoyasema daktari: vidole vikifa ganzi, au vikibadilika rangi, rudi mara moja."

Wifi akamgeukia Kiganja. Akainua mikono. Akagusa vidole vyake mwenyewe. Akasita. Akaanza tena, mikono ikakwama hewani. Kiganja alimwangalia kwa subira, kama anavyoingojea mashine ioneshe ubovu.

Wifi akashusha mikono mapajani.

"Sijui," akasema. "Sijui hata moja. Siku ile nilimwambia akalale. Na daktari aliponiuliza kama anahisi vidole, sikumuuliza. Nilijibu mimi. Nilijivunia tu kwamba halii."

Mwanamke yule! Nilimlaumu moyoni wiki nyingi, lakini pale nilitaka kumshangilia. Kusema "sijui" mbele ya meza ile, na mtaa wote umejaa nyuma yako, si mchezo.

Wakili akafunga faili lake.

Baraza liliamua kwamba hospitali ilikosea. Ndugu aliyesukumiwa kazi si mkalimani. Likaeleza fidia itakayolipwa, na kwamba hospitali iwe na mkalimani wa kuitwa wakati wote, na tangazo mapokezini lenye picha, ili hata asiyejua kusoma aelewe. Halafu mwenyekiti akainua kichwa. Akamwangalia wifi.

"Je, anaridhika?"

Mazoea, jamani! Hata pale! Lakini wifi alikuwa ameshasimama.

"Mheshimiwa, mimi sijui. Mwenyewe yupo. Aulizwe mwenyewe."

Mwenyekiti akakohoa. Akamgeukia Kiganja, akauliza upya. Mikono ya mkalimani ikapeleka swali. Kiganja akajibu kwa alama moja fupi ambayo hata mimi niliielewa. Ndiyo.

Fidia ilimsaidia kulipia mazoezi ya mkono, na nyumba haikulala njaa wakati kazi imesimama. Sasa amerudi kwenye kona yake. Anaweka kiganja cha kushoto juu ya mashine, anafumba macho, anagonga mahali penyewe. Wateja wameongezeka. Wifi anakwenda kujifunza lugha ya alama kwenye chama cha viziwi, na nyumbani anamsumbua Kiganja kwa maswali mpaka anafukuzwa jikoni. Mimi pia nimeanza. Mwalimu anasema mikono yangu ni mizito, lakini mdomo ni mwepesi.

Juzi niliwasindikiza hospitali kwa uchunguzi. Mapokezi karani alitazama tangazo ukutani kabla hatujasema neno, akapiga simu, na mkalimani akaja. Daktari alikuwa yule yule. Alisogeza kiti chake mpaka akakaa uso kwa uso na Kiganja.

"Vidole," akasema taratibu, "unavihisi?"

Wifi alibana midomo yake kwa mkono.

Kiganja akainua mkono wake wa kulia. Kisha akajibu, na mkalimani akasema kwa sauti:

"Cha pete kimeanza kuhisi baridi na moto. Kidole kidogo bado. Na anasema asante, daktari. Swali hili amelingoja tangu siku ile."