Rilei ya Tanuri la Warigia

Saa nne ya chai, tanuri la mikate la Warigia lilisema "ta!" na hapakuwa na kitu cha kusema hivyo. Rilei ya zamani, ile swichi ya sumaku iliyogonga kila stima ikiwaka au ikizimika, ilikuwa imeng'olewa juzi. Mahali pake Njue, mume wa binti yake, alifunga rilei ya kisasa isiyo na kitu kinachosogea ndani. Hiyo hufanya kazi kimya kabisa.

"Njue, umesikia?"

"Nimesikia, mami." Alicheka kicheko cha kulazimisha. "Labda ni bati inapoa."

Inapoa nini, jamani! Kiriaini yote ilikuwa ndani ya ukungu wa Julai, na tanuri halikuwa limepata moto tangu jana.

Njue aliinunua rilei hiyo mjini Kenol, kwa mtu aliyeitoa kwenye jiko la meli huko Mombasa. Wanawake wa kanisa waliposikia, wakanong'ona ati vitu vya huko huja na wenyewe, majini ya pwani. Warigia aliwacheka. Mkristo mzima aogope kipande cha plastiki? Lakini sasa chumba kilinuka udi, na hapa milimani nani hufukiza udi? Akaogopa, tena sana.

"Toa hiyo kitu," alinong'ona. "Rudisha ile ya kitambo."

"Nitatoa. Lakini usiguse waya, mami. Hii hata ikizima, stima kidogo inapenya. Lazima uzime swichi kubwa ya ukuta kwanza."

Alijua, basi! Hilo ndilo linaloniuma. Alikuwa ameshaanza kuelekea kwenye swichi, nyuma ya magunia ya unga, tanuri liliposema "ta!" tena, mlio ule ule wa kuzimika ambao masikio yake ya ufundi yaliuamini miaka yote, naye akasahau kwamba rilei iliyokuwa mbele yake hailii kamwe, akageuka, akainama, akaingiza kichwa na mikono tanurini kufungua waya zinazotoka kwenye rilei kwenda koili za kupasha moto.

Mwili wake ukakakamaa kwa stima. Warigia akapiga mayowe, akamkimbilia, mikono mbele, na kutoka ndani ya tanuri ikaja sauti ya Njue, taratibu, tamu, bila maumivu yoyote:

"Mami, nishike mkono. Nivute."

Akasimama palepale. Kwetu mkwe hamshiki mama mkwe mkono hata kwa salamu, na Njue, mtu wa Embu mwenye adabu kupita kiasi, hata kikombe cha chai alikiweka mezani kwanza ndipo yeye akichukue. Angekufa kabla ya kuyatamka maneno hayo, na kwa hiyo Warigia akajua, huku mkojo ukimtiririka miguuni, kwamba anayemwita si Njue, na kwamba akimgusa Njue watakufa wote wawili. Akarukia swichi kubwa, akaivuta chini, akanyakua koleo refu la mbao la kutolea mikate, akamsukuma ubavuni kwa nguvu zake zote mpaka akaanguka sakafuni.

Alikuwa anapumua. Macho yamefumba, midomo imefumba, lakini anapumua.

"Asante Yesu," Warigia alilia, amepiga magoti kando yake. "Asante, asante."

Nyuma yake, ndani ya tanuri lisilo na stima hata chembe, sauti ya Njue ikauliza kwa upole:

"Mami, umetoa yeye. Na mimi je?"